Kijani cha jani la mgomba au rangi ya lubugo? Chumba cha kushonea kimenishinda

#1 MshonajiNamakwekwe (Mbale)

Habari zenu wote. Naomba macho yenu, yangu yameshachoka.

Nina chumba cha mbele, futi 12 kwa 14, kuta futi 9. Ndimo ninamoshonea na kupokea wateja: gomesi hasa, lile gauni refu la kina mama wa Uganda, halafu sare za shule na kitenge. Dirisha ni moja, linatazama mashariki, na mbele yake kuna kibaraza na mwembe wa jirani. Mnaoijua Mbale mnajua jua letu haliji mapema, mpaka limalize kupanda mlima Wanale. Kuta ni krimu ya zamani iliyoshika mafuta ya mikono na vumbi jekundu.

Nilinunua vikopo viwili vidogo nikapaka viraka viwili ukutani, kila kimoja ukubwa wa msala wa kuswalia. Kimoja ni kijani kilichokolea, kama jani la mgomba lililokomaa. Kingine ni rangi ya lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba, nyekundu inayokwenda kahawia. Nimeviangalia siku nne. Saa nne asubuhi lubugo inawaka, chumba kizima kinapata uhai, hata uso wangu kwenye kioo ni wa mtu aliyelala vizuri. Jioni, kiraka hichohicho kinakuwa kama ini. Kijani nacho asubuhi kimenuna, halafu taa ikiwashwa usiku kinatulia na kupendeza, ila kinaegemea bluu ambayo mimi sikuinunua.

Mume wangu anataka kijani, binti yangu anataka lubugo. Mimi shida yangu si mapambo. Mwezi uliopita mteja alichagua satini ya zambarau humu ndani, tukachagua na uzi wa kushonea. Siku ya sherehe alipotoka nayo juani, satini ikawa damu ya mzee, na uzi ukaonekana kama mikwaruzo kila penye mshono. Alilia. Nilimrudishia pesa yote ya ushonaji, na bado nikimwona sokoni moyo unaniuma.

Nisaidieni: ukuta upi hautanidanganya nikiwa na kitambaa mkononi, na wakati huohuo mtu akiingia asihisi ameingia stoo? Nataka kumaliza kabla ya Agosti, maana mwaka huu ni wa Imbalu, tohara ya Wagisu, na oda zitakuja kwa wingi.

#2 Dereva_Malaba

Lubugo. Nyumba yenye rangi ya udongo inakukaribisha kabla mwenyewe hajasema karibu. Kijani kilichokolea ni rangi ya lori la jeshi.

#3 MtotoWaKambi (Jinja)

Dereva, polepole, lori hilo ndilo lililonilea.

Nimekulia kambini. Kuta zetu zilikuwa nusu kwa nusu: chini rangi ya mafuta iliyokolea, kijani au kijivu, mpaka kifuani kwa mtu mzima, juu krimu. Shule za msingi nyingi na vituo vya afya bado viko hivyo. Tulikuwa tunadhani ni amri ya wakubwa tu, kumbe ina akili yake. Chini ndiko watoto wanakoegemea, kochi linakokwaruza, maji ya kudeki yanakoruka. Mama alikuwa anapitisha kitambaa chenye sabuni kila Jumamosi na ukuta unarudi kama mpya. Kule juu krimu inabaki safi na mwanga haupotei.

Dada Mshonaji, kwa nini uchague moja? Chini futi 4 kijani cha mafuta, juu krimu mpya. Cherehani inarusha mafuta, wateja wanaegemea wakisubiri, watoto wao wanashika kila kitu.

#4 DukaLaRangi (Ndeeba)

Nauza rangi, kwa hiyo nitasema ninachokiona kaunta kila siku.

Dada, kiraka kimoja kimoja juu ya krimu iliyochakaa hakikupi jibu. Macho yako hayaioni lubugo peke yake, yanaiona ikiwa imezungukwa na krimu chafu. Chukua boksi kubwa, kata vipande viwili, paka kila kimoja mara mbili, acha nafasi pembeni pande zote. Kikikauka, kihamishe: karibu na dirisha, kona ya ndani, nyuma ya kioo. Usiangalie kikiwa kibichi, rangi nyingi za maji hukolea zikikauka.

Halafu nina maswali matatu. Kuta zilipigwa plasta lini? Umeipaka moja kwa moja juu ya krimu bila kusugua? Na balbu yako ni nyeupe au ya njano? Kila anayeniletea rangi akidai nimempa siyo, nikimfuata nyumbani nakuta ni moja ya hayo.

#5 Mama_Watatu (Ntinda)

Mshonaji, pole sana kwa huyo mteja. Mimi nilipaka kijani kama hicho sebuleni. Usithubutu. Kwanza kinameza rangi, nilinunua ndoo nzima ya lita 20 na bado. Pili, chumba kilikuwa joto kama tanuri, rangi nyeusinyeusi inavuta jua. Baada ya mwaka nilirudi kwenye nyeupe.

#6 DukaLaRangi (Ndeeba)

Mama Watatu, hapo kwenye ndoo ya lita 20 nakupinga kwa upole.

Tupige hesabu ya chumba cha dada. Mzunguko ni futi 52, mara urefu wa 9, ni 468. Toa mlango na dirisha, unabaki na futi za mraba kama 427, yaani mita 40 hivi. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inafunika mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Mikono miwili ni lita 7 hadi 8: galoni mbili za lita 4 zinatosha. Kijani kilichokolea juu ya krimu huomba mkono wa tatu, basi galoni tatu. Ndoo ya 20 ingepaka nyumba yako na ya shemeji. Kama iliisha yote, ukuta ulikuwa unanyonya kwa sababu haukuzibwa kwanza, au fundi aliijaza maji akaibeba iliyobaki.

Na joto: rangi ya nje na ya paa inavuta jua kweli. Ukuta wa ndani hauguswi na jua, labda kipande kidogo cha asubuhi. Joto lako lilitoka kwenye mabati.

#7 Mama_Watatu (Ntinda)

Fundi aliibeba. Sasa ndiyo naelewa, na nilimpa na nauli.

Ila la joto sikubali. Nilihisi kwa ngozi yangu. Watu wote walioingia walisema.

#8 KijanaWaFort (Fort Portal)

Nimesoma sana mambo haya mtandaoni. Kanuni ni hii: chumba kinachotazama kaskazini kina mwanga wa baridi, kipake rangi ya joto kama lubugo. Kinachotazama kusini kina jua siku nzima, kipake rangi ya baridi kama kijani. Dada, dirisha lako liko kaskazini au kusini?

#9 MwalimuWaFizikia (Soroti)

Kijana, ameandika #1 kwamba ni mashariki. Na hiyo kanuni ni ya Ulaya, ukiileta hapa inakosa miguu.

Uingereza jua la mchana liko upande wa kusini mwaka mzima, ndiyo maana dirisha la kaskazini karibu halipati jua la moja kwa moja. Sisi tunakaa juu ya ikweta. Inakata barabara ya Masaka pale Kayabwe, watalii hupiga picha. Mbale iko nyuzi 1 tu kaskazini yake. Kuanzia Machi hadi Septemba jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini, miezi iliyobaki linapita kusini. Kwa hiyo kaskazini na kusini hapa wanagawana. Kinachotofautisha vyumba vya Uganda ni mashariki na magharibi: nani anapata asubuhi, nani anaungua jioni.

Chumba cha dada kinapata jua baada ya Wanale, labda saa mbili kuelekea tatu, na saa sita limeshapanda juu ya kibaraza. Mchana wote uliobaki anatumia mwanga wa anga, ambao una bluu nyingi. Mwanga wa bluu ukigonga ukuta mwekundu haupati cha kurudisha, na lubugo inazimika.

Halafu kuna kiasi cha mwanga. Kuna kipimo cha 0 hadi 100 kinachosema rangi inarudisha mwanga kiasi gani. Nyeupe nzuri hufika 85 hivi, krimu 75 hivi, lubugo yako labda 20 na kitu, kijani kile 10 hivi. Mwanga ukigonga krimu unabaki 75. Ukigonga ukuta wa pili unabaki 56. Kwenye kijani, ukuta wa kwanza 10, wa pili 1. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kutunga uzi kwenye sindano na kupapasa.

#10 KijanaWaFort

Nimeelewa, mwalimu. Asante.

#11 MshonajiNamakwekwe (Mbale)

Asanteni, mmenifanya nimekaa kitako.

DukaLaRangi: plasta ni ya zamani, zaidi ya miaka kumi. Sikusugua, nilifuta vumbi tu. Balbu ni LED nyeupe kabisa, ile inayofanya mkono uonekane wa mgonjwa. Nilinunua kwa sababu ilikuwa na mwanga mkali kwa bei ndogo.

Ile siku ya satini ilikuwa kama saa saba mchana, ila mvua ilikuwa imefunga anga, kwa hiyo taa ilikuwa inawaka. Na ule mwembe wakati huu una majani mazito mpaka kwenye kibaraza.

#12 DukaLaRangi (Ndeeba)

Basi kesi imekwisha, mshtakiwa ni balbu.

LED za bei ya chini zina bluu nyingi na nyekundu kidogo sana. Zambarau ni nyekundu na bluu kwenye kitambaa kimoja. Chini ya balbu yako nyekundu haikupata mwanga wa kuiamsha, mkaona zambarau. Juani nyekundu ikaamka, ikawa damu ya mzee. Hata kijani chako kuelekea bluu usiku kimetoka hapohapo. Ungepaka ukuta rangi yoyote, satini ingekudanganya vilevile.

Tafuta balbu iliyoandikwa kwamba uaminifu wake wa rangi ni 90 au zaidi kati ya 100. Nyingi za kawaida ni 80 au chini.

#13 MwalimuWaFizikia (Soroti)

Siyo haraka hivyo, bwana duka. Kuna mwembe. Mwanga uliopita kwenye majani unakuja ukiwa umenyang'anywa nyekundu, jani limeila. Ukiwa na mwembe dirishani na anga la mvua, nyekundu ilikuwa imeshapungua kabla hata taa haijawashwa.

#14 SistaZamuYaUsiku (Kampala)

Natoka zamu, nimeusoma uzi wote nikiwa kwenye teksi.

Mimi ni nesi wa chumba cha upasuaji. Mnajua kwa nini mashuka na magauni yetu ni ya kijani? Zamani yalikuwa meupe. Daktari akikazia macho damu kwa muda mrefu, akiinua macho kwenye nyeupe anaona madoa ya kijani yanayoelea. Jicho limechoka na nyekundu, linajitengenezea kinyume chake. Kwenye shuka la kijani madoa hayo yanapotea na jicho linapumzika. Hospitali zilianza kubadilisha mwanzoni mwa karne iliyopita.

Sasa dada, wewe unakazia macho kitambaa saa nane kwa siku. Ukiwa umezungukwa na lubugo pande zote nne, jicho lako litachoka na wekundu na kila cheupe kitaanza kuonekana kijanikijani. Sare nyeupe za shule utaziona zimechakaa. Kwa mtu wa kazi ya macho, mimi ni kijani. Ila si hicho kilichokolea, kiwe chepesi, kama pea, yaani parachichi, lililoiva kidogo.

#15 Dereva_Malaba

Sista, pea la Masaka au la Mbarara?

#16 SistaZamuYaUsiku

La nyama yake, siyo la ganda! Nimechoka, usinichokoze.

#17 Msanii_Makerere

Sista amegusa jambo lenye historia, na historia yenyewe ni ya nguo.

Mwaka 1824 mkemia Mfaransa, Chevreul, alipewa kusimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Wafumaji walilalamika kwamba nyuzi nyeusi hazina nguvu, rangi yake imefifia. Akapima, akalinganisha na nyeusi za viwanda vingine, rangi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa jirani. Nyeusi iliyofumwa karibu na bluu iliyokolea au zambarau ilionekana imepauka. Mwaka 1839 alichapisha maelezo yake: rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja inamsukuma mwenzake aende kinyume.

Dada, uzi wako na satini yako ni kisa hichohicho. Kabla ya balbu na mwembe, niulize: mlipochagua uzi, mezani palikuwa na kitambaa gani kingine?

Na tazama rangi ulizozichagua. Kijani na lubugo ni mahasimu kwenye duara la rangi, zinatazamana. Ukiziweka chumba kimoja kwa nguvu sawa zitapigana mbele ya wateja. Ukiweka moja nyingi na nyingine kidogo sana, zinapendezeshana. Kitambaa chekundu mbele ya ukuta wa kijani kitaonekana chekundu zaidi ya kilivyo, mteja atakipenda mno, halafu afike nyumbani kimepoa.

#18 MshonajiNamakwekwe (Mbale)

Msanii, umenitoa jasho. Mezani palikuwa na gomesi ya bluu ya bahari ya mteja mwingine. Zambarau ilikuwa juu yake kabisa.

#19 Msanii_Makerere

Hapo! Lakini bluu ingeisukuma zambarau kuelekea wekundu, siyo kuondoa wekundu. Kwa hiyo ingekuonyesha damu ya mzee ndani, na zambarau nje. Kisa chako ni kinyume. Ngoja nifikiri.

#20 DukaLaRangi (Ndeeba)

Wakati unafikiri, balbu inaendelea kuwaka.

#21 GomaMpakaNsambya

Jambo bandugu. Miye pia niko mushonaji, hapa Nsambya, na kule Goma nilikuwa mushonaji. Ile maneno ya rangi ilinipata. Nilipaka chumba yote rose, ile pinki, sababu muke wangu alipenda. Banamuke walikuwa wanajiona bazuri sana ndani ya kioo, wanafurahi, wanalipa. Kisha wanatoka inje, wanarudi na nguo: "Fundi, hii haiko ile."

Nilifanya nini? Ukuta ya nyuma ya kioo nilipaka kijivu, kama simenti yenye imekauka. Ile ingine iko nyeupe. Na mulangoni niliweka msumari. Kitambaa yote, mbele ya kukata, inapachikwa pale inje, mteja anaangalia na macho yake mwenyewe kwenye jua, ndipo anasema ndiyo. Tangu pale sina kesi. Lakini chumba iko baridi, siwezi kukudanganya. Muke wangu anasema iko kama ofisi ya polisi.

#22 MtotoWaKambi (Jinja)

Huo msumari mlangoni nimeupenda kuliko rangi zote za mjadala huu.

#23 NubiWaBombo

Salaam. Hakuna aliyetaja mbu. Mbu anapenda kupumzika penye giza. Ukuta wa kijani kilichokolea, nyuma ya nguo zilizotundikwa, huko ndiko atakapolala mchana kutwa akikusubiri. Bibi yangu hapa Bombo hakukubali ukuta mweusi wala nguo nyeusi kutundikwa chumbani, na alikuwa akipaka chokaa kila kabla ya Idi. Sisi tulidhani ni usafi wa sikukuu.

#24 SistaZamuYaUsiku

Nubi, bibi alikuwa na macho. Mbu hupenda kweli kutua penye kivuli. Ila ukuta mweupe peke yake haukuzuii malaria, chandarua kiko palepale.

Na kwa kuwa tuko mashariki: kwenye wilaya zinazopuliziwa dawa ukutani, Tororo walianza mwishoni mwa 2014, ukishapuliziwa usipake rangi juu yake. Unakuwa umeifunika dawa, mbu anatua salama. Paka kwanza, ikauke vizuri, ndipo wapuliziaji waje. Mshonaji, ulizia kwenu kama kuna ratiba.

#25 Dereva_Malaba

Mnasahau uchaguzi. Ukipaka manjano watasema uko chama hiki, nyekundu chama kile, bluu wale, kijani wale wazee wa zamani. Lubugo haina chama.

#26 Msimamizi

Siasa ina jukwaa lake. Tubaki ukutani.

#27 Mama_Watatu (Ntinda)

Nina swali pembeni. Mshonaji, gomesi inaitwa hivyo kwa nini? Mkwe wangu anasema ni jina la Mhindi aliyeleta vitambaa miaka ya 1940.

#28 Msanii_Makerere

Ni ya zamani kuliko hapo. Inayosimuliwa zaidi ni Caetano Gomes, fundi cherehani wa Kigoa, yaani wa Goa kule India, aliyekuwa Kampala, aliyeshonea wasichana wa Gayaza. Shule ya Gayaza ilianza 1905, na gauni linahesabiwa kutoka miaka hiyo ya mwanzo. Kabla yake wanawake walikuwa wakijifunga suka, yaani shuka, na lubugo. Wengine huliita busuuti, na hapo ubishi unaanza upya.

Na mkitaja lubugo, rangi ile nyekundu-kahawia ndiyo ya kawaida. Ya wafalme na wakuu hupakwa nyeupe au nyeusi. UNESCO iliutambua ufundi huo 2005. Kwa hiyo dada akipaka ukuta huo na kumpokea mteja wa gomesi, amerudisha nguo mbili chumba kimoja. Moyo wangu wa sanaa unataka lubugo, akili yangu ya rangi inakataa.

#29 MshonajiNamakwekwe (Mbale)

Msanii, umeandika kile nilichokuwa nahisi nikashindwa kukisema. Nyanya yangu mzaa mama alizikwa ndani ya lubugo. Ile rangi ukutani asubuhi inanipa kitu ambacho kijani hakinipi. Ndiyo maana sijaifuta mpaka leo.

#30 MwalimuWaFizikia (Soroti)

Nirudi kwenye lile ini la jioni, maana hamjalimaliza.

Dada, jioni unayoisema ni kabla ya kuwasha taa? Kuna jambo alilolieleza mwanasayansi wa Bohemia, Purkinje, mapema karne ya 19. Giza likiingia, jicho linabadilisha zamu. Chembe zinazoona rangi zinalala, zinaamka zile za giza, na hizi za giza haziijui nyekundu. Maua mekundu ya kibaraza yanakuwa meusi mapema, majani yake yanabaki yanaonekana. Lubugo yako inazimika kwa sababu hiyo, siyo kwa sababu rangi ni mbovu.

Jaribu leo. Saa kumi na mbili kamili tazama vipande vyote viwili, lubugo itaonekana nyepesi kuliko kijani. Endelea kukaa bila taa. Kuelekea saa moja na robo, kijani kitaipita.

#31 DukaLaRangi (Ndeeba)

Mwalimu, kwa hilo huhitaji mtu wa Bohemia. Jua limehamia magharibi, dirisha liko mashariki, chumba kinakula mwanga wa anga wenye bluu tu. Wewe mwenyewe ulisema #9.

#32 MwalimuWaFizikia (Soroti)

Nilisema, na bado nasema. Mchana inazimika kidogo kwa anga, jioni inakufa kwa jicho. Ni mambo mawili.

#33 DukaLaRangi (Ndeeba)

Na balbu la tatu.

#34 Mama_Watatu (Ntinda)

Na joto la nne, ingawa mmenikatalia.

#35 MshonajiNamakwekwe (Mbale)

Mrejesho wa wiki.

Nilikata maboksi kama alivyosema DukaLaRangi, nikapaka mara mbili, nikayaacha usiku kucha kwa sababu mvua haikukatika na hayakuwa yakikauka. Nimeyahamisha chumba kizima.

Kwanza, bila ile krimu chafu pembeni, lubugo imepoa. Si moto tena, ni udongo uliolowa. Kijani nacho kimekuwa chepesi kidogo, sikutegemea.

Pili, jaribio la mwalimu. Nilikaa na mume wangu kwenye mkeka bila taa. Mimi niliona kijani kikiipita lubugo, waziwazi, kama mtu amegeuza kitu. Mume wangu ameapa hakuona, kwake lubugo ilikuwa juu mpaka giza. Binti alikuja akauliza kama tumekatiwa umeme.

Tatu, balbu. Nilinunua nyingine, siyo ile ya kipimo cha 90, sikuipata Mbale, ila yenye mwanga wa njano kidogo. Nilitoa kipande kilichobaki cha ile satini. Chini ya balbu ya zamani ni zambarau. Chini ya mpya ni zambarau yenye wekundu, bado si damu ya mzee. Dirishani saa tano asubuhi, damu ya mzee tupu. Dirishani palepale saa tisa, sijui niiite nini.

Nimempigia yule mteja. Nilimwambia nimegundua ilikuwa nini, au angalau nimegundua ni mambo mengi. Amesema atakuja Jumamosi, tutatoka nje na vitambaa.

Nilichofanya mpaka sasa: ukuta wa kioo nimesugua, nimeziba, nimepaka kijivu chepesi cha GomaMpakaNsambya. Msumari nimepigilia nje, upande wa kulia wa mlango. Dari nyeupe. Kuta tatu zilizobaki bado zina viraka vyangu.

Ninawaza ukuta mmoja wa lubugo, ule ninaoupa mgongo nikishona. Mteja akiingia anauona, mimi siuoni nikiwa na kitambaa. Mzidi kunishauri.

#36 Msanii_Makerere

Utauona kwenye kioo, dada. Kioo kinatazama wapi?

#37 MshonajiNamakwekwe (Mbale)

Banange. Kinatazama hukohuko.

#38 GomaMpakaNsambya

Songesha kioo, ndugu yangu. Ukuta usiuguse.

#39 MtotoWaKambi (Jinja)

Na chini futi 4 za rangi ya mafuta usisahau, hata kwenye hiyo lubugo. Nitumie urefu wa kaunta yako, nikuchoree mstari unapoishia.